Boti ya Kula, Boti ya Kura

Akina mama wa kanisa letu hapa Kitale wamenipa cheo ambacho sikukiomba. Tangu waamue kwamba safari yao ya mwaka huu ni ya kupanda boti, kila mmoja hupita dukani kwangu, hununua pakiti ya mbegu za sukuma wiki ambazo hana hata pa kuzipanda, kisha huegemea kaunta na kuniuliza boti hukodiwa vipi. Mimi ni mwuza mbegu na dawa za mifugo. Maji ninayoyajua ni ya kunyweshea ng'ombe. Lakini nilipata kukodi boti mara moja, na hapa kwetu ukifanya jambo mara moja tayari wewe ni mtaalamu. Basi nawajibu kwa kadiri ninavyojua, na leo nimeona heri niandike yote, nipumzishe mdomo.

Jambo la kwanza ninalowaambia ni hili: kabla ya kuuliza bei, jiulizeni ni nani hasa anayetaka kwenda, na anataka kuona nini. Boti ya vijana wa kupiga picha si boti ya mtu anayetaka kukaa kimya. Kwetu sisi, aliyetaka kwenda alikuwa mama yangu, na alichotaka kuona ni mahali Mto Nzoia unapoishia.

Mama anaishi Moi's Bridge, kwenye shamba ambalo yeye na marehemu baba walilinunua walipohama kutoka Mkoa wa Kati kutafuta ardhi ya mahindi. Shamba linateremka hadi mtoni. Nilikuwa bado shule ya msingi wakati kaka yangu mkubwa, kifunguamimba wa mama, alipovuka mto kumfuata ng'ombe aliyepotea. Mvua ilikuwa imenyesha sana huko juu Cherangani. Watu waliokuwa ng'ambo walimwona akiwa katikati ya daraja la magogo, halafu wakaona magogo peke yake. Tulitafuta kingo zote mbili kwenda chini hadi miguu ikakataa, hatukumpata. Ng'ombe alirudi mwenyewe jioni ile, akasimama langoni akitaka kukamuliwa.

Hatukufanya matanga. Majirani walikuja, wakaketi, wakasubiri, kisha wakaondoka mmoja mmoja, kwa kuwa hapakuwa na wa kuzikwa. Mama hakuwasha jiko kubwa. Kwa kawaida watu wakija kulia nawe unawapikia, lakini yeye alisema akiwapikia atakuwa amekubali. Tangu siku hizo hakuteremka tena mtoni, na kila tulipovuka daraja lolote kwa gari alijifunika uso kwa leso hadi tumwambie tumepita.

Kisha siku moja, baba akiwa ameshatutoka, mama alikuwa kibarazani akichambua maharagwe, akauliza bila kuinua macho, "Huu mto huwa inaenda wapi?"

Nikamwambia unaingia Ziwa Victoria, upande wa Bunyala. Akasema nimpeleke akaone, kabla magoti hayajakataa kabisa. Nikamwuliza ataonaje, na yeye hata daraja halitazami. Akanijibu hilo ni lake, langu ni kutafuta gari na boti. Ndivyo alivyo mama. Mimi nimemrithi, ila bila ule upole wake.

Hapo ndipo mume wangu akaingia. Yeye ni mwalimu wa hesabu, mtu wa Bokoli, Mbukusu anayeshika desturi kwa mikono miwili. Kwao mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa mbali. Hawapeani mikono, hawaketi karibu, hawali meza moja, na akiwa na neno la kumwambia hulipitisha kwangu hata kama mama yuko pale pale anasikia. Sisi kwetu hatuna ukali huo, lakini mama aliupenda tangu mwanzo. Husema hajaona mkwe asiyemsumbua kama huyu. Jina la mama halipiti kinywani mwa mume wangu hata kwa bahati mbaya. Humwita mheshimiwa.

Kwa hiyo jambo la pili, akina mama, ulizeni urefu wa boti. Msiulize tu inabeba watu wangapi, kwa sababu kila mwenye boti atakwambia inabeba watu wengi. Ulizeni kutoka mbele hadi nyuma ni hatua ngapi. Boti fupi itawakalisha mkwe na mama mkwe goti kwa goti, na hapo mtakuwa mmeenda kuharibu, si kutembea. Nikisema hivi dukani wao hucheka, lakini nimewaona wawili watatu wakianza kufikiria wakwe zao.

Mambo mengine tuliyapata kwa mwalimu mwenza wa mume wangu aliyezaliwa huko chini karibu na ziwa, naye ndiye aliyetupa namba ya mwenye boti. Alisema twende asubuhi, maana mchana upepo wa ziwa huamka na mawimbi hayana adabu. Alisema tuulize injini imewahi kuzimikia majini au la, na kama mwenye boti atajibu haraka kwamba haijawahi hata siku moja, tutafute mwingine. Iwe na petroli ya akiba na makasia mawili. Kila mtu avae jaketi la kuelea akiwa bado nchi kavu, alifunge, na mwenzake amvute mabegani aone kama litampanda masikioni. Ukiliacha chini ya benchi halikusaidii kitu, ni kama kuacha mwavuli nyumbani.

Sasa nifike kwenye simu. Nilimfundisha mume wangu cha kusema. Nilitaka boti ya kula, yaani si mtumbwi wa wavuvi wenye mbao mbili za kukalia na maji ya samaki miguuni, bali boti yenye kivuli na mabenchi, ambayo mtu mzima anaweza kuketi akala chakula chake cha mchana kwa heshima. Nikamwambia aseme hivyo hivyo, boti ya kula. Nilisahau jambo ambalo nimeishi nalo ndoa nzima: mume wangu anajua hesabu zote za dunia, lakini l na r kwake ni mapacha, hajui yupi ni yupi. Na mimi siwezi kumcheka sana, kwani hata sisi Wakikuyu herufi hizo hutupiga chenga.

Alipiga simu akiwa pale dukani, mimi nikimpimia mteja dawa ya kupe. Nilisikia upande wake tu, tena nusu nusu. Upande wa pili nilikuja kusimuliwa na mwenye boti mwenyewe, akiwa ameshika kichwa. Ukiziunganisha pande zote mbili, mazungumzo yalikwenda hivi.

"Tunataka boti ya kura," mume wangu alisema. "Mheshimiwa wetu anakuja huko."

"Ya kura? Si bado ni mapema?"

"Mapema ndio mzuri. Kabra upepo haijabadirika."

"Hiyo ni kweli. Na mheshimiwa ataongea na watu?"

"Yeye si mtu ya maneno mingi. Rakini akipata watu, atawasarimia."

Mwenye boti akasema ameelewa, tena ameelewa sana, tusiwe na wasiwasi, ataandaa kila kitu. Mume wangu alikata simu akiwa na furaha. Akaniambia watu wa ziwani wana roho safi, huyu hata kubishana hakubishana. Akina mama, mwenye boti asiyebishana mwogopeni. Na chochote mnachotaka, mwandikieni kwa ujumbe wa simu, maana maandishi hayana lafudhi.

Siku moja kabla ya safari mama alikuja Kitale, na mume wangu akaondoka kwenda kulala kwao Bokoli ili nyumba iwe na nafasi ya heshima. Tukakubaliana tutamchukua njiani asubuhi. Mama aliingia jikoni kwangu akanifukuza. Alipika githeri la mahindi na maharagwe kwenye ile sufuria ninayoitoa wakati wa Krismasi tu, akasonga unga wa chapati beseni zima, akachemsha nyama. Nikamwambia mama, tuko watu watatu. Akasema chakula hakijawahi kumuaibisha mtu. Asubuhi tulimchukua mume wangu, akaketi kiti cha nyuma, na tulipofika Bungoma mama akanisimamisha sokoni, akanunua sahani za plastiki na vikombe, rundo zima. Nilimnung'unikia njia yote ya Mumias, nikimwambia tunaenda kutembea, si kufungua hoteli. Yeye alitazama miwa dirishani. Karibu na Mumias, tulipovuka daraja la Nzoia, alikuwa amejifunika leso kama kawaida, na nilijua ndani yangu kwamba huenda tukafika ziwani akakataa kushuka garini, nasi turudi hivyo hivyo. Hilo ndilo nililokuwa nanung'unikia kweli, siyo githeri.

Tulikuwa tumepatana na mwenye boti tukutane kwenye ufuo mdogo karibu na mdomo wa mto. Tulipokata kona ya mwisho niliona hema. Chini ya hema kulikuwa na viti vya plastiki, na mbele yake spika mbili kubwa, na kando akina mama wamejipanga na leso za rangi moja. Boti ilikuwa imefungwa matawi na utepe. Nikadhani tumeangukia harusi ya watu. Nilianza kugeuza gari, lakini kijana mmoja mwenye miwani myeusi alikwisha fungua mlango wa mama, kwa kuwa yeye ndiye aliyeketi mbele kama wakubwa.

"Karibu, mheshimiwa," akasema.

Vigelegele vikapasua anga. Mama alishuka. Hakuwa na nafasi ya kukataa, kwa sababu akina mama walishamzunguka wakiimba, wakampeleka mpaka kwenye kiti cha katikati kilichofunikwa kitambaa cheupe. Alipopita kando yangu aliniuliza kwa sauti ndogo kama hawa ni watu wa kanisa. Nikamwambia sijui ni watu wa nani.

Hasira zangu huwa ziko karibu. Nilimtafuta mwenye boti, nikampata akitabasamu, nikamwuliza ni nani aliyemwambia atuitie ngoma. Akashangaa.

"Si nyinyi mlisema ni boti ya kura?" akasema. "Ati mheshimiwa anakuja, atasalimia watu. Mimi nimeita watu, bana."

Nikamgeukia mume wangu. Maskini, alikuwa amesimama nyuma ya gari na sufuria mikononi.

"Mimi nirisema kura," akajitetea. "Kura. Kura chakura."

Mwenye boti akatazama sufuria. Akaketi chini mchangani, akashika kichwa, na hapo ndipo aliponisimulia ile simu yote. Waliokuwa karibu wakasikia, neno likapita watu kwa watu, wengine wakacheka hadi wakashikana mabega. Lakini si wote waliocheka. Watu walikuwa wameacha nyavu na biashara zao. Mzee mmoja akauliza kama ina maana wamekuja bure, na kijana mwingine akasema sisi wageni hatuwezi kuondoka hivyo bila kuacha kitu, yaani pesa. Nilianza kuona jinsi ambavyo tungerudi Kitale bila mama kuona hata tone la ziwa.

Katika vurugu hiyo hakuna aliyemwambia mshereheshaji wao kwamba programu imekufa. Yeye alikuwa amekwisha kumpa mama kipaza sauti. Mama alikitazama kidogo, akasimama, magoti yake yakilia.

"Mimi si mheshimiwa," akasema, na sauti yake ikatoka kwenye spika zote mbili. "Mimi ni mama tu. Huyu mto ilichukua kijana yangu huko juu, Moi's Bridge, zamani. Hatukumuona tena. Nimekuja kuona mahali maji inaenda. Mkinikubalia nione, nitashukuru."

Akaketi. Wanaume wakaanza kuvua kofia. Hata yule kijana aliyetaka kitu alivua kofia.

Kisha akatoka mama mmoja wa rika lake, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, akaweka beseni lake chini, akaja akaketi kwenye nyasi karibu na miguu ya mama. Hakutumia kipaza sauti, lakini tulimsikia.

"Mama, wale mto hutuletea, sisi huwazika," akasema. "Hatuwaachi kwa maji."

Mama alimwangalia kama mtu aliyesemeshwa kwa lugha ya kwao ugenini.

"Mnawazika na maombi?"

"Na maombi, na wimbo. Huyo si ni mtoto ya mtu? Sisi tunajua kuna mama mahali anangoja."

Sijui nieleze vipi jinsi nilivyolia. Miaka yote hiyo tuliishi tukidhani kaka yangu alipokewa na vitu viwili tu, maji na samaki. Hakuna hata mmoja wetu, na sisi tuliosoma, na mume wangu na hesabu zake, aliyewahi kufikiri kwamba huko chini mto unakoishia kuna watu, na kwamba watu hao wana mikono. Yule mama akatueleza taratibu. Mto ukileta mtu, wanamwita chifu, wanasubiri kama ndugu watakuja. Wasipokuja wanamzika ng'ambo, mahali palipoinuka kidogo, na wakati wa mafuriko makubwa baadhi ya makaburi hayo yamefutika. Mahali penyewe ni karibu, lakini huwezi kufika bila boti.

Boti tulikuwa nayo, tena imepambwa.

Nataka kusema kitu hapa kabla mtu hajakisema. Najua Moi's Bridge ni mbali. Najua katikati kuna maporomoko na mawe na madaraja mengi. Siandiki hapa kwamba kaka yangu alifika huko chini, na hata mama hakusema hivyo, wala siku ile wala baada yake. Lakini njia ya maji ni moja, na kwenye njia hiyo kulikuwa na watu waliokuwa tayari kumpokea, na hilo lilitosha kumwinua mama kutoka kwenye kile kiti.

Tatizo lilikuwa kupanda. Boti haikuweza kufika hadi nchi kavu, ilisimama kwenye maji ya magotini, na walikuwa wameweka ubao wa kupitia. Mama alivalishwa jaketi, nikamvuta mabegani kama tulivyofundishwa, likakaa vizuri. Akafika mwanzo wa ubao, akatazama maji yakitembea chini yake, akaganda. Nilikuwa nyuma yake, nikamwambia twende mama, nimekushika. Hakunisikia. Mkono wake ukaanza kutafuta leso ya kujifunika uso, na leso ilikuwa chini ya jaketi.

Ndani ya boti, aliyekuwa karibu naye alikuwa mume wangu peke yake. Nilimwona akinyoosha mkono, kisha akaurudisha, kwa maana desturi haimruhusu kumshika. Akageuka huku na huku, akachukua kasia, akalinyoosha juu ya ubao hadi ncha yake ikafika kwa mama.

"Mwambie mheshimiwa ashike hapa," akaniambia mimi.

Nikamwambia mama ashike hapo. Mama akashika. Mume wangu akawa anarudi nyuma polepole, naye mama anakuja mbele polepole, macho yake juu ya lile kasia na si juu ya maji, mpaka akaingia. Hawakugusana. Mama aliketi mbele, mume wangu akaenda akaketi nyuma kabisa kando ya injini, na mimi katikati na sufuria. Nilimpenda mwanamume yule asubuhi ile kuliko siku ya harusi yetu, na nimemwambia.

Akina mama wa leso walipanda boti ya pili, na mwenye boti aliwahesabu kwa majaketi yaliyokuwepo, akawataka wengine wasubiri zamu ya pili, ingawa walimtukana kidogo. Kwa hilo nilimsamehe mengi.

Tulipita katikati ya mafunjo hadi mahali mto unapofunguka. Pale maji ya udongo, yale ya kwetu ya rangi ya chai ya maziwa, yanaingia kwenye maji ya ziwa, na kwa muda yanakwenda bega kwa bega bila kuchanganyika. Mwendeshaji alizima injini ili mama aone vizuri. Mama aliangalia sana. Alikuwa ameubeba moyoni mto ule wa siku ile, unaonguruma na kubeba magogo.

"Kumbe hapa imechoka," akasema.

Kisha akaingiza vidole majini. Vidole vyenyewe tu, halafu mkono wote.

Makaburi yalikuwa kwenye kituta cha nyasi nyuma ya mafunjo. Mengine yalikuwa na misalaba ya mbao, mengine yamebaki kama migongo ya ng'ombe waliolala, na mahali pengine ni nyasi tupu. Mama hakuuliza lipi. Alitembea akipita yote, akiinama kidogo penye kila moja na kuweka kiganja, na alipofika penye nyasi tupu akaweka kiganja vile vile. Akina mama wakaimba wimbo wa mazishi ambao hata sisi Kitale tunaujua, ila wao kwa lugha yao na sisi kwa yetu, na mama akaimba hadi mwisho bila sauti kukatika. Yule wa omena alimshika mkono muda wote huo.

Walipomaliza, mama alifuta macho, akanitazama kama ninamchelewesha.

"Leta chakula," akasema.

Ndipo nilipoelewa ile sufuria ya Krismasi, na zile sahani za Bungoma nilizozinung'unikia hadi Mumias. Mama alikuwa amepika matanga ya mwanawe. Hakujua atamlisha nani, alijua tu kwamba wakati umefika wa kupika. Na kama si ulimi wa mume wangu, tungefika pale watu watatu na mwenye boti mmoja, tukazunguka, tukala kimya, na githeri likarudi Kitale limechacha. Lakini kulikuwa na watu. Mama alipakua mwenyewe, hakuniruhusu kushika mwiko. Aliwapakulia akina mama wa leso, na mwendeshaji, na tuliporudi ufuoni akawapakulia wale waliosubiri zamu, na yule mzee aliyeuliza kama wamekuja bure, na kijana mwenye miwani myeusi ambaye alirudi mara ya pili. Chapati zilikatwa nusu, kisha robo, zikatosha. Mume wangu alikula nyuma ya hema, mbali, kama inavyotakiwa.

Kwa hiyo akina mama wakiniuliza wabebe chakula kiasi gani, nawajibu: zaidi. Mkipanda boti mbebe na sweta, na tangawizi ya kichefuchefu, na mwende haja kabla ya kuondoka kwa sababu ziwani hakuna kichaka. Msimlipe mwenye boti yote kabla hajawarudisha. Lakini chakula, bebeni zaidi, hamjui mtakula na nani.

Mwenye boti alitusindikiza hadi kwenye gari akiomba msamaha. Mama alimwambia asiombe msamaha, amemwandalia kitu ambacho yeye mwenyewe hakujua kukiomba. Kisha akazungumza na yule mama wa omena kwa muda mrefu, kila mmoja kwa Kiswahili chake, wakaagana kwa kukumbatiana. Nilimsikia akisema asante kwa niaba ya wamama wa huko juu wote, hata wale ambao hawajui.

Njiani kurudi alilala. Aliamka tulipokaribia Mumias, akanigusa bega.

"Mwambie bwana yako," akasema, na mume wangu akiwa hapo hapo kiti cha nyuma anasikia kila kitu, "mimi kura yangu nimempatia."

Nikamwambia mume wangu. Akasema nimwambie mheshimiwa asante. Kisha nikamsikia akipenga kamasi kwa muda.

Tulipokaribia daraja la Nzoia nilipunguza mwendo kama nilivyozoea, ili mama apate muda wa kujifunika. Hakuinua leso. Akaniambia nisimame kando. Akashuka, akaenda hadi kwenye vyuma vya daraja, akavishika kwa mikono yote miwili, akatazama chini maji yalivyokuwa yanakimbia juu ya mawe kuelekea huko tulikotoka. Malori yalikuwa yanatupita yakitupigia honi. Nilimfuata nikasimama karibu naye, nikamsikia akizungumza na mto, bila hasira, kama unavyomtuma mtu anayeenda mahali unapopajua.

"Ukifika," aliuambia, "unisalimie hao wamama."